Chupa Zilizotupwa Zihesabiwe

Kila mwaka mvua za Novemba zinapoanza kunyesha katika Wilaya ya Kishapu, jembe huwa lipo, ng'ombe wa kukokota plau huwapo, na shamba lipo. Kinachokosekana ni marando ya viazi vitamu. Kiangazi cha miezi mitano au sita huwa kimekwisha kuyakausha yale yaliyoachwa shambani, na yaliyobaki ni machache yaliyonusurika kando ya malambo na katika mabonde ya mbuga. Hapo ndipo akina mama huanza safari ya kuyatafuta kwa jirani, kwa ndugu wa kijiji cha mbali, au kwa wachuuzi wanaoyaleta kwa mafungu kutoka sehemu zenye unyevu kando ya Ziwa Victoria. Fungu hununuliwa upesi kwa kuwa mvua haingoji, wala hakuna anayeuliza limetoka kwa nani na mama yake aliugua nini.

Jambo hili latuhusu sote, wa bara na wa visiwani. Kwa watu wa Kishapu, michembe na matobolwa ndiyo akiba inayowavusha hadi mavuno mengine. Kwa ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, muhogo ndio ugali wa kila siku. Mazao haya mawili yana tabia moja: hayapandwi kwa punje, bali kwa kipande cha mama yake, na kipande hicho husafiri. Iko hata aina ya kiazi kitamu iitwayo Ukerewe ambayo wakulima wa bara huilima. Basi anayedhani kwamba ugonjwa ulioko ng'ambo ya maji haumhusu, na aangalie kilichofungwa kwa kamba juu ya baiskeli inayompita barabarani.

Katika miaka ya karibuni yamesemwa mengi, na viongozi pamoja na wataalamu, juu ya miche ya maabara, yaani miche inayokuzwa ndani ya chupa kutokana na kipande kidogo cha tishu ya mmea. Sisi tunaiunga mkono njia hii bila kusita. Hata hivyo, tunaona kwamba mazungumzo hayo yameelemea sana kwenye majengo, mashine na idadi ya miche itakayotolewa, na yamegusa kidogo mno jambo ambalo ndilo linaloamua kama miche hiyo itakuwa baraka au balaa, nalo ni usafi. Ndiyo maana leo tunaomba wakuu wanaohusika watuvumilie tuingie pamoja nao ndani ya maabara, tuvue viatu mlangoni, tutazame kazi inavyofanyika.

Kwanza, sababu ya kwenda huko. Ugonjwa wa virusi wa viazi vitamu hutokea pale aina mbili za virusi zinapokutana ndani ya mmea mmoja, moja ikiletwa na inzi weupe na nyingine ikiletwa na vidukari. Kila moja ikiwa peke yake huweza kukaa bila kuonyesha dalili kubwa. Zikikutana, majani hudumaa, hujikunja na kupauka, na mkulima huweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno yake. Marando ya shamba hilo yakihifadhiwa kwa ajili ya msimu ujao, ugonjwa nao umehifadhiwa.

Wa visiwani wanaijua habari hii kwa upande wa muhogo. Batobato iliandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi hii hii yetu, na michirizi kahawia ikaelezwa na mtaalamu Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, mwaka 1936. Hatuwezi kusema kwamba tumevamiwa na wageni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 batobato kali iliyoanzia Uganda iliingia Kagera na kuenea katika Kanda ya Ziwa, na baada ya 2004 michirizi kahawia, ambayo hapo kabla ilihesabiwa zaidi kuwa ugonjwa wa pwani, ikajitokeza pia katika nchi zinazolizunguka ziwa. Ubaya wa michirizi kahawia ni kwamba shina na majani huweza kupendeza macho huku mizizi ikioza chini ya udongo. Mkulima huamini shamba lake mpaka siku ya kung'oa.

Njia ya kuikata nasaba hii ya maradhi imejulikana tangu mwaka 1952, pale Wafaransa wawili, Georges Morel na Claude Martin, walipofaulu kupata maua ya dahlia yasiyo na virusi kutoka katika mimea iliyokuwa navyo. Kwenye ncha kabisa ya chipukizi pana sehemu ndogo inayokua kwa haraka, na mara nyingi virusi huwa havijaifikia. Mmea huwekwa kwanza kwenye joto la nyuzi 35 hadi 38 kwa wiki kadhaa ili virusi vidhoofike, kisha ncha hiyo, isiyozidi nusu milimita, hukatwa chini ya hadubini na kutiwa ndani ya chupa yenye chakula. Mwaka 1962 Murashige na Skoog wa huko Marekani walichapisha mchanganyiko wa chakula ambao mpaka leo hutumika, pamoja na marekebisho madogo madogo, karibu kila mahali duniani.

Chakula chenyewe ni madini, vitamini, vichocheo vya ukuaji na sukari, kwa kawaida gramu 30 kwa kila lita, vikagandishwa kama jeli. Na hapo ndipo penye shida yote. Jeli hiyo tamu, iliyowekwa katika chumba chenye joto la nyuzi 25 au zaidi kidogo, hupendwa na ukungu na bakteria kuliko inavyopendwa na kiazi. Chembe moja ya ukungu iliyodondoka kutoka kwenye unywele wa mfanyakazi hujaza chupa kwa siku chache, na kile kimea, ambacho hakina kinga yoyote ya kujitetea humo ndani, husongwa na kufa. Nje shambani mmea huishi na viumbe hivi vyote na hausumbuki sana, kwa sababu hakuna aliyevipa sukari. Ndani ya chupa tumeviandalia karamu, kisha tunaomba visije.

Kwa hiyo kila kitu huanza na moto na mvuke. Chupa zenye chakula hufungwa ndani ya chungu kikubwa cha mvuke wa shinikizo, kile ambacho wauguzi wetu wa hospitali hukiita otoklevu, na kupikwa kwa nyuzi 121 kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Nyuzi 100 za maji yanayochemka kwenye sufuria hazitoshi, kwa kuwa ziko bakteria zenye mbegu ngumu ambazo hustahimili mchemko huo na kuamka baadaye. Muda nao huhesabiwa tangu joto lilipofika ndani ya chupa, wala si tangu swichi ilipobonyezwa. Chupa kubwa ya lita moja huchelewa kupata moto katikati yake kuliko chupa ndogo. Mfanyakazi mwenye haraka, anayezichanganya kubwa na ndogo na kuhesabu muda mmoja kwa zote, atapata zilizoiva na zisizoiva, na kwa macho zote zitafanana.

Kipande cha mmea hakiwezi kupikwa, kwa maana kitakufa. Huoshwa kwanza kwa maji mengi na sabuni, kisha huzamishwa kwa muda mfupi katika spiriti na baadaye katika dawa ya klorini, ile ile inayong'arisha nguo nyeupe majumbani mwetu, na mwisho husuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyopikwa katika otoklevu. Spiriti ya asilimia 70 huua vizuri kuliko ile kali ya asilimia 95, jambo ambalo huwashangaza wengi. Ile kali hugandisha upesi ngozi ya nje ya kijidudu na kuishia hapo, ambapo ile yenye maji ndani yake hupenya. Lakini hata hiyo ya 70 haiziui zile mbegu ngumu za bakteria tulizozitaja. Visu na vibano lazima vipitishwe motoni, na vipoe, kila baada ya mmea mmoja. Kuvichovya tu katika kikombe cha spiriti kilichokaa mezani tangu asubuhi ni kuvinawisha katika maji waliyokwisha kunawia wenzake.

Kazi yenyewe ya kukata na kupandikiza hufanyika mbele ya meza ya hewa safi. Meza hiyo ina feni inayosukuma hewa kupitia chujio lenye uwezo wa kuzuia chembe 9,997 katika kila 10,000 zilizo ndogo kuliko jicho liwezavyo kuona, na hewa hiyo humwelekea mfanyakazi kwa utulivu kama upepo wa alfajiri ziwani. Feni huwashwa robo saa au nusu saa kabla ya kazi. Mkono haupiti juu ya chupa iliyo wazi. Mtu haongei, hakohoi, haegemei ndani. Kucha ni fupi, nywele zimefungwa, na pete imeachwa nyumbani.

Watu wa Kishapu hawatashangazwa na masharti haya, kwani wana mgodi wa Mwadui, ambako almasi huchimbwa tangu mwaka 1940, na wanajua maana ya mtu kukaguliwa mlangoni. Huko hukaguliwa asitoke na kitu. Kwenye maabara ya tishu inapasa akaguliwe asiingie nacho. Na tungependa mwenye cheo akaguliwe zaidi, maana mfagizi huvua viatu bila kuambiwa, lakini tumepata kuona msafara mzima wa wageni waheshimiwa ukipitishwa katika chumba cha chupa na vumbi lake lote, pamoja na wapiga picha.

Wiki hiyo hiyo tuliyofuatana na msafara huo, katika maabara ambayo hatutaitaja, tulionyeshwa rafu juu ya rafu za chupa za kijani, na takwimu zilisomwa kwa sauti kubwa. Katika pembe ya ukumbi palikuwa na kitu kimefunikwa kwa shuka. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba ni vyombo vya kuoshwa. Baadaye kijana mmoja alitufunulia. Zilikuwa chupa zilizoingiwa na ukungu, nyingine nyeusi, nyingine za rangi ya machungwa, nyingine zikiwa na maji meupe kama maziwa yaliyoganda. Hatukuzihesabu, wala yeye hakuwa amezihesabu. Alitueleza kwamba katika taarifa ya mwezi hakuna safu ya kuandikia chupa zilizotupwa. Ipo safu ya zilizozalishwa tu.

Habari hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika. Kijana yule hakuwa mzembe, na ukungu hutokea katika maabara zote duniani, za matajiri na za maskini. Kosa lilikuwa katika karatasi ya taarifa, na karatasi hiyo hutungwa na wakubwa. Mtu anayepimwa kwa chupa alizotoa, na asiyeulizwa chupa alizotupa, atajifunza upesi kutozitupa. Ataikata sehemu ya mmea iliyo mbali na ukungu na kuipandikiza tena. Atatia dawa ya kuua bakteria ndani ya chakula, nayo mara nyingi haiui bali huzifanya zinyamaze, zikaendelea kukaa ndani ya mmea kimya kwa miezi, zikiongezeka kila mmea unapokatwa, mpaka siku moja rafu nzima igeuke rangi. Bakteria wa namna hii, wanaoishi ndani ya tishu yenyewe, hawaonekani kwa jicho wanapoingia. Hugunduliwa kwa kuchukua kipande cha chini cha mmea na kukiotesha katika chakula kinachowapendeza wao, tangu mwanzo kabisa, kabla mmea haujawa maelfu. Kipimo hicho ni rahisi. Kinahitaji tu mtu aliyeruhusiwa kusema, "Huu hapana."

Natupige hesabu kidogo, kwa mfano tu. Mche mmoja wa kiazi ukikatwa vipande vinne, na kila kipande kikawa mche, baada ya mizunguko sita tutakuwa na miche 4,096. Tuseme sasa kwamba katika kila mzunguko chupa moja kati ya kumi huingiwa na uchafu ikatupwa. Wengi watadhani tumepoteza sehemu ya kumi ya mavuno. La, mwisho wa mzunguko wa sita tutabaki na miche kama 2,177, yaani tumepoteza karibu nusu. Hivyo ndivyo uchafu mdogo unavyokula mtaji mkubwa. Lakini hasara hii ni ya haki, kwa kuwa kilichobaki ni kizima. Geuza mfano: katika ule mzunguko wa kwanza, mmoja kati ya miche minne ulikuwa na ugonjwa uliojificha, na hakuna aliyeupima wala aliyeutupa. Mwisho wa mzunguko wa sita kuna miche 4,096 kamili, taarifa inapendeza, na 1,024 kati yake imebeba ugonjwa kwenda Kishapu, Misungwi na Nansio kwa gari la Serikali.

Yafaa ieleweke pia kwamba chupa safi si lazima iwe mbegu safi. Chupa isiyo na ukungu wala bakteria yaweza kuwa na virusi tele, na kadiri mmea unavyozidishwa ndivyo navyo vinavyozidishwa. Virusi havichafui jeli na havitoi harufu. Kiazi hupandikizwa kwenye mmea mwingine wa jamii yake ambao huonyesha dalili upesi, na kisha hupimwa kwa kemikali na kwa vinasaba. Kituo cha Muguga, karibu na Nairobi, kimefanya kazi hii ya kusafisha na kupima mbegu za viazi vitamu kwa manufaa ya nchi nyingi za kanda yetu, na kwetu ziko taasisi kama Mikocheni, Dar es Salaam. Halmashauri inayonunua miche ya maabara yapasa idai cheti cha kipimo cha virusi cha mmea mama, na tarehe yake. Kutosheka na kuiona chupa inang'aa ni sawa na kununua ng'ombe kwa kutazama kengele yake.

Tuje kwenye fedha, maana maafisa wengi watakuwa wameanza kujiuliza. Jengo huzinduliwa mara moja. Spiriti huisha kila wiki. Chujio la meza ya hewa safi huziba, na katika mikoa yetu huziba upesi zaidi. Anayetaka kujua sababu na aje Kishapu mwezi wa Agosti, upepo unapochukua udongo wa mashamba ya pamba yaliyokwisha kung'olewa na kuutembeza angani hadi jua likawa jekundu saa tisa alasiri. Umeme ukikatika, feni husimama, na papo hapo hewa ya chumba huingia juu ya chupa zilizo wazi. Ukikatika otoklevu ikiwa katikati ya kazi, shehena nzima lazima irudiwe tangu mwanzo, kwa kuwa dakika nane za jana na dakika saba za leo hazifanyi kumi na tano. Joto la chumba cha kukuzia likipanda, utitiri, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa urahisi, hutembea kutoka chupa hadi chupa vikibeba chembe za ukungu miguuni. Fungu la matumizi ya kila siku lililo dogo, linalocheleweshwa, ndilo mlango ambao uchafu huingilia. Twaomba basi kwamba bajeti yoyote ya maabara ya tishu itakayopelekwa mbele ya madiwani au Bunge isomwe kuanzia mwisho: kwanza jenereta na mafuta yake, machujio, spiriti, klorini, vipimo, na mishahara ya mafundi wenye mikono iliyozoea, kisha ndipo tuzungumze juu ya rangi ya kuta.

Wala hatudai kwamba kila wilaya iwe na maabara yake. Tungeogopa sana jambo hilo. Maabara chache zilizo safi, zinazokaguliwa, zinazofanya kazi mwaka mzima, zatosha. Mkonge, ambao nao humea Kishapu, una kituo chake cha Mlingano huko Tanga, na hakuna anayeona aibu kuagiza miche yake toka mbali. Kinachoipasa wilaya ni kulinda kile kitakachofika.

Na hapa Kishapu haihitaji kufundishwa na mtu. Mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, wataalamu waliikuta kwa Wasukuma desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa masika, hakuna ng'ombe anayeingia, ili kiangazi kikifika pawe na majani. Hapakuwa na ukuta. Palikuwa na makubaliano ya wazee, na faini kwa aliyevunja. Nchi iliyokuwa imegeuka jangwa ikarudisha miti yake. Mbegu safi inataka ngitili yake. Mpango wa Marando Bora uliofanya kazi katika Kanda ya Ziwa kati ya 2010 na 2012 ulitumia wazalishaji wa marando walioko vijijini kuyafikisha kwa wakulima, na baadaye yamejaribiwa katika kanda hii mahandaki ya chandarua, ambayo huwazuia inzi weupe na vidukari wasiyafikie marando mama. Chandarua hicho ni meza ya hewa safi ya kijiji. Kikitoboka kwa mwiba na kisishonwe siku hiyo hiyo, kazi yote ya hadubini na otoklevu imemwagwa.

Tungependa kila kijiji chenye bwawa au lambo Kishapu kiwe na handaki moja la namna hiyo, chini ya mikono ya mtu anayelipwa kwa marando anayoyauza, na sheria ndogo ya kijiji iseme wazi kwamba hakuna kupanda viazi vya kawaida karibu nalo. Dagashida iliyoweza kumzuia mwenye ng'ombe mia asiingie ngitili haitashindwa na mwenye fungu la marando.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tuna neno la peke yake. Kisiwa ni chupa. Maji yaliyokizunguka ni jeli ya bure ambayo Mungu amewapa, isiyo na sukari. Inzi mweupe hubeba virusi vya michirizi kahawia kwa muda mfupi tu, na safari ndefu juu ya ziwa si rahisi kwake kama ilivyo kwa pingili za muhogo zilizofungwa na kutiwa ndani ya mashua. Pingili hizo ndizo njia kuu ya ugonjwa huo kwenda mbali. Hii ina maana kwamba Ukara au Maisome yaweza kufanya jambo ambalo kijiji cha bara hakiwezi: kung'oa mashina yote yenye ugonjwa, kupanda yaliyopimwa, na kusimama bandarini kutazama kinachoshuka. Jambo hilo halitawezekana kwa nyumba moja moja. Lazima lifanywe kisiwa kizima katika msimu mmoja, kwa sababu shamba moja lililoachwa ni sawa na ile chupa moja iliyofunikwa kwa shuka.

Tunajua ugumu wake. Mtu anayeng'oa muhogo wake leo anakula nini kesho? Na mvuvi anayetoka ziara ya mwaloni mwingine akiwa na pingili sita alizopewa na mkwewe, nani atamwambia azitupe majini? Swali la kwanza lina jibu kama Serikali itakuwa tayari kupeleka chakula cha kuvusha msimu mmoja pamoja na mbegu; bila hilo, tusiwadanganye watu wa visiwani kwa kuwataka waanze. Swali la pili ni gumu zaidi, na hatudhani kwamba polisi ndiye jibu. Pengine jibu ni kuwa na pingili safi pale pale mwaloni, bure, za kumbadilishia papo hapo, na mzee wa kisiwa ndiye wa kumwomba, siyo afisa mwenye sare. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina madaraka ya kusimamia mambo ya namna hii. Tungependa iyatumie kwanza Nansio, kama jaribio, kabla ya kuyatumia katika mipaka mikubwa.

Kwa upande wa taarifa, tunarudi kwenye karatasi ile ya kijana yule. Tunawaomba wakurugenzi wa vituo vya utafiti, na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu inayokagua wazalishaji, waongeze safu moja: chupa zilizotupwa, na sababu ya kutupwa. Mwenye kutupa nyingi asiitwe mbele ya mkuu kujieleza kabla hajaulizwa kama ana spiriti ya kutosha na kama umeme ulikatika. Mwenye kuandika sifuri mwezi hadi mwezi ndiye atembelewe kwanza, tena bila kupewa habari. Hakuna maabara isiyotupa. Ipo tu ile isiyosema.

Mvua za Novemba zitafika Kishapu kama kawaida yake, zikiwahi au zikichelewa. Kabla hazijafika, tunaziomba Halmashauri za Kishapu na Ukerewe zibandike katika kila ofisi ya kata tangazo la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, lenye kueleza marando na pingili zitakazogawiwa zimetoka maabara gani, mmea mama ulipimwa virusi lini, na katika kila chupa mia zilizokuzwa zilitupwa ngapi. Zikituletea nakala, tutazichapa katika ukurasa huu huu, safu kwa safu, kama zilivyo.